Koti Jeupe la Dokta

Wazazi wenzangu, nisikilizeni, na atakayenuna anune.

Palikuwa na fundi wa maabara ambaye mtaa mzima ulimwita Dokta, ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano. Kazi yake ilikuwa kupima mawe ya dhahabu: husaga jiwe, huchanganya na unga wa madini ya risasi, kisha huyeyusha kwenye tanuri. Jioni alirudi nyumbani na koti lake jeupe mwilini, akiitikia salamu za majirani kwa madaha. Bintiye wa miaka miwili alimkimbilia mlangoni, akabebwa, akalala kifuani pake huku akitafuna ukosi wa koti. Mama mtu akiwatazama hivyo, moyo wake ulitulia.

Kumbe balaa lilikuwa linaingia kwa mlango huohuo!

Kazini sheria ilijulikana. Koti, glavu na barakoa havitoki maabara. Mtu anavua, anaoga, ndipo anavaa nguo za nyumbani. Mwenzake wa zamu, mama mtu mzima, alimwambia mara ngapi sijui.

"Mdogo wangu, hilo koti liache hapa. Unga wa risasi huuoni, lakini umo, na ni sumu."

"Dada, nikiliacha, mtaani nitaitwa nani? Mponda kokoto?"

Wakacheka wote. Cheka tu, bwana.

Mtoto akaanza kukataa chakula na kulia tumbo. "Minyoo hiyo," alisema Dokta, akanunua dawa ya minyoo. Mkewe aliona makubwa zaidi: mtoto aliyeshajua kusema "maji" na "njoo" alikuwa anayasahau maneno, moja baada ya jingine. Mumewe akamwambia aache wasiwasi. Mwezi wa tatu tangu aanze kuugua, mtoto alikakamaa mikononi mwa mama yake, macho yamegeuka.

Hospitalini damu ilipimwa. Daktari wa kweli alirudi na majibu, akamtazama baba, ambaye hata siku hiyo alikuwa na koti lake.

"Baba, unafanya kazi gani?"

Akaeleza. Daktari alishusha pumzi. "Damu ya mtoto imejaa risasi. Vua hilo koti. Usimshike mtoto."

Alilivua palepale koridoni. Jioni zote zile za kumpakata zilimjia kichwani, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Atapona, daktari?"

"Sumu ya kwenye damu tutaipunguza. Iliyofika kwenye ubongo imeshamwumiza. Hilo sina dawa yake."

Mkewe hakupiga kelele. Alisema tu, "Na mimi ndiye niliyekuwa nakufungulia mlango."

Leo binti ana miaka sita, na bado analishwa. Kila asubuhi baba yake humwita kwa jina, na yeye huendelea kuutazama ukuta.

FUNZO

Nguo ya kujikinga hukinga ikibaki kazini. Ukienda nayo nyumbani, umewapelekea wanao sumu. Vua, oga, ndipo uwakumbatie. Nawe mwenye maabara, weka bafu, na hakikisha makoti yanafuliwa hukohuko. Ukiambiwa na mwenzako, sikia, maana majuto ni mjukuu. Sifa za mtaani hazijawahi kumtibu mtoto wa mtu.