Kaki ya Mkesha wa Krismasi

Redio ilikoroma mara moja.

"Shomoro. Mkeka utachukuliwa leo, nyota ya kwanza ikichomoza. Atakuja Zenon. Mwisho."

Jagna Wolska, jasusi wa jeshi la siri la Poland aliyeitwa Shomoro redioni, aliizima. Huo mkeka ulikuwa picha ya rangi ya mafuta ya karne iliyopita: Wapoland wakiyasambaratisha majeshi ya Kijerumani katika vita vya kale vya Grunwald. Wajerumani walioikalia Warsaw waliitaka waichome. Aliyeificha angepigwa risasi.

Bi Tekla, mwenye nyumba, alikuwa ameitandika mezani. Juu yake nyasi kavu za Krismasi, kisha kitambaa cheupe, kisha sahani tatu. Ya tatu ilikuwa ya mgeni yeyote atakayebisha hodi.

"Nani ataitafuta chini ya supu?" alicheka.

Jagna hakucheka.

Mlango uligongwa.

Kijana mrefu, theluji mabegani. Alitaja neno la siri bila kosa. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Bi Tekla akamkalisha, akamnyooshea kaki ya Krismasi, kimkate chembamba kama karatasi.

"Karibu, mwanangu."

"Asante, mama."

Akaichukua yote, akaitia mdomoni, akatafuna.

Mkono wa Bi Tekla ulibaki hewani. Mpoland gani hamegi kaki na mwenzake wakatakiana heri? Hata mlevi humega!

Jagna akaelewa: huyu si Zenon. Basi Zenon wa kweli alikuwa mikononi mwa Wajerumani, na neno la siri walilipata kwa kumtesa.

Mgeni aliegemeza kiwiko mezani. Nyasi zikakwaruza.

"Picha iko wapi?"

"Ghalani," Jagna alisema. "Inua huo mfuniko wa sakafuni. Chukua taa."

Akashuka.

Jagna akabamiza mfuniko, akasukuma komeo. Wakaliburura kabati la mwaloni juu yake. Kelele za mgeni zikazama humo humo.

Wakaiviringisha picha, rangi ikitazama nje isipasuke, wakaizungushia kitambaa cha meza.

Wakatoka. Pembeni mwa barabara gari jeusi la Opel, lililomleta mgeni, lilikuwa linanguruma.

"Nyie!" dereva aliita kwa Kipoland kibovu. "Mmebeba nini?"

Jagna aligusa bastola yake ya Vis ndani ya koti.

"Zulia la kanisa!" Bi Tekla alifoka. "Mkesha wa Krismasi unasumbua vikongwe! Wewe huna mama?"

Dereva akainamisha macho, akapandisha kioo.

"Usikimbie, mama," Jagna alinong'ona.

"Nikimbie na magoti gani? Yote yamekufa." Kisha, taratibu: "Nyumba yangu sitairudia tena?"

"Hutairudia, mama."

Bi Tekla hakugeuka. Alihamishia mzigo bega la pili, wakaendelea na safari.