Fundi Betri na Ndege ya Mpima

"Usiibinye! Wewe kaka, hicho kitu usikibinye!"

Watu waliokuwa wakipita waligeuka wote. Jumamosi lile jengo la vifaa vya umeme hufurika watu, wauza chaja wakiitana, redio zikishindana kila moja na wimbo wake, harufu ya lehemu imetanda mpaka kwenye ngazi. Katikati ya msukumano huo alisimama kijana mrefu, shati la samawati limepigwa pasi mistari ikasimama, lakini buti zimejaa vumbi jekundu. Mkononi alikuwa ameshika betri bapa iliyovimba kama mto wa kulalia, akiibinya kwa kidole gumba mithili ya mtu anayechagua parachichi.

Aliyempigia kelele alikuwa dada wa kibanda cha mwisho, ambaye jengo zima lilimwita Fundi Betri. Alivaa ovaroli la buluu lililokunjwa mikono, kitambaa cha manjano kichwani, na miwani ya kinga ameipandisha juu ya kitambaa. Alichomoka mbio, akaipokonya ile betri na kuitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga iliyokaa mlangoni pake.

"Dada, hata salamu?" kijana aliuliza, mkono bado uko hewani.

"Ungetaka salamu ukiwa na nyusi au bila nyusi?"

Shangazi yake Fundi, ambaye aliuza vifuniko vya simu kwenye nusu ya pili ya kibanda, aliangua kicheko hadi mteja wake naye akacheka.

"Ilikuwa inaendesha nini?" Fundi aliuliza, sasa kwa sauti ya kawaida.

"Ndege."

"Ndege?"

"Ya kuongoza kwa rimoti. Nimeiunda mwenyewe. Mabawa yake ni marefu kuliko mimi nikijinyoosha."

"Kumbe tunaongea na rubani."

"Mimi mpima ardhi. Siku za kazi nazunguka na viwanja vya watu, kichwa nimeinamisha. Siku ya mapumziko na mimi nataka kuinua."

Fundi alibana tabasamu, likamponyoka pembeni mwa mdomo. Alikwishatengeneza betri za baiskeli, za spika, hata za viti vya wagonjwa. Lakini kitu kinachoruka? Hakuwahi. Mpima akamweleza shida yake: anataka betri nyepesi, lakini ikae angani muda mrefu, maana zile za dukani humwangusha kabla hajashiba.

"Kila mtu anataka chepesi kinachodumu," shangazi alidakia. "Hata mimi nilimtaka mume wa hivyo, sikumpata."

Juma lile Mpima alihamia kibandani. Akitoka kazini tu, huyu hapa, amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Fundi alimwaga mezani seli za duara, kila moja unene wa kidole gumba, akazipima moja moja kwa mita. Ambayo haikulingana na wenzake aliiweka kando.

"Hiyo ina kosa gani? Naiona sawa na nyingine."

"Haina kosa. Ila hii itachoka mapema, wenzake wataiburuza mpaka ife. Na ikifa, inakufa na wote."

"Umejuaje itachoka?"

"Imeniambia." Akamwonyesha tarakimu kwenye mita.

Kisha alizipanga, akatandika utepe wa nikeli juu ya vichwa vyake, akashusha sindano mbili za mashine ya kuchomelea. Tik! Cheche ndogo kama ya nyota, na utepe umeshika. Tik! Tik! Mpima alisahau hata kupumua. Vile vidole vyembamba vilikuwa vinafunga umeme wa kutosha kuunguza nyumba, na vilikuwa havitetemeki.

"Mbona umenyamaza?" Fundi aliuliza bila kuinua macho.

"Naogopa nikisema kitu nitaharibu."

Jumapili walikwenda uwanja wa wazi nyuma ya kiwanda cha matofali. Ndege ilikuwa nyeupe, tumbo jekundu. Mpima aliichukua akaitupa mbele, mota ikalia, na Fundi akaona kile alichokichomelea kwa mikono yake kikiacha dunia na kwenda zake. Kikawa kidogo kama njiwa, kikawa kama nzi. Ndipo Mpima akamvalisha miwani ya kuonea, iliyounganishwa na kamera puani mwa ndege.

"Mama yangu!" Fundi alishika mkono wa Mpima kabla hajajua ameushika.

Mji wote ulikuwa chini yake. Mabati yalimetameta kama maji, barabara ya hospitali ikawa uzi, mto ambao kila siku aliukuta umejaa takataka ulizunguka mitaa taratibu kama nyoka wa fedha. Aliliona jengo la vifaa vya umeme, dogo la kutoshea kwenye kiganja. Alizaliwa mji huu na kukulia humu, na hakuna aliyemwambia kuwa ni mzuri.

"Nani anaibeba?" aliuliza kwa sauti ndogo, ingawa alijua.

"Wewe," Mpima akasema.

Tangu siku hiyo, simu haikupumzika. Asubuhi, "Umeamkaje, laazizi?" Mchana, "Umekula, kipenzi?" Fundi alinunua vipokea sauti vya masikioni ili aongee huku anafanya kazi. Akachomelea huku anacheka, akakata tepe huku ananong'ona, na shangazi akatikisa kichwa.

"Bwana Ndege huyo hana kazi ya kufanya?"

"Anapima, shangazi."

"Anapima nini, sauti yako?"

Sifa za betri zake zilienea kwenye klabu ya wale warusha ndege. Mpima aliagiza nyingine, kubwa zaidi. Mwenyekiti wa klabu, mzee mmoja aliyestaafu udereva wa malori, naye akaagiza, na mwanachama wa tatu pia. Fundi alizitengeneza zote juma moja, moyo wake uko juu kuliko ndege yenyewe.

Halafu simu zikakatika.

Si kwamba zilikoma. Zilipungua, zikawa fupi, zikawa za heshima. "Kazi zimenibana." "Tutaonana." Alipouliza habari za ndege, Mpima alijibu kuwa upepo uliiangusha, ataiunda upya. Fundi akampikia chakula, akamwambia atakipeleka ofisini kwake. Mpima alikataa haraka mno, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Penzi halijifichi, mwanangu, na kuchoka vilevile hakujifichi," shangazi alisema kwa upole. "Mwache aende."

Fundi alivua vipokea sauti akavitia kwenye droo.

Mchana mmoja mwenyekiti wa klabu alikuja kuchukua betri yake. Aliigeuzageuza, akaipenda, kisha akatania: "Hii yangu tu isije kuwaka kama ile ya kijana wetu."

"Kuwaka?"

Mzee alimtazama, akagundua mdomo umeshamponza. "Hakukwambia? Ilitoa moshi angani. Aliikimbiza mbali na watu, akaishusha kwenye majani. Sisi alituambia kakosea yeye kuunga nyaya."

Fundi aliiondoa betri mikononi mwa mzee, taratibu, akaiweka kwenye ndoo ya mchanga. "Samahani, mzee wangu. Hii haitoki leo." Kisha akapiga simu, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kumtisha hata shangazi.

"Ndege yako iliungua."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa.

"Nakuuliza."

"Iliungua."

"Na ukaniambia upepo."

"Sikutaka uumie, mpenzi. Watu wangesema..."

"Usiniite mpenzi! Nimetengeneza nyingine mbili juma lile lile, kwa mikono hii hii. Mzee wa watu alikuwa ameishika sasa hivi. Ingemlipukia je? Umenilinda mimi, yeye nani anamlinda?"

"Sikufikiri hivyo."

"Niletee ilivyo, majivu na yote."

Alifika kabla jua halijainama, na begi begani, mkono wa kulia umefungwa bendeji kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo. Hapo Fundi akaelewa kwa nini hakutaka kuletewa chakula. Maneno aliyokuwa ameyanoa yote yakabutuka.

"Umefanyaje huo mkono?"

"Nilitaka kuitoa ndani ya ndege. Nilidhani nitaiokoa."

"Uiokoe betri?"

"Uliitengeneza wewe."

Shangazi alikumbuka ghafla kuwa ana mteja ngazi ya chini.

Fundi alivaa miwani ya kinga, akaifungua ile pakiti nyeusi iliyoyeyuka, akiibandua kidogo kidogo. Seli baada ya seli. Kwenye kona alisimama. Akavuta taa karibu.

"Ona hapa. Kichwa cha seli ni chanya, lakini ukingo wake wote ni hasi. Katikati yao naweka pete ya karatasi ngumu, ili utepe usiguse ukingo. Hizi zote zinayo. Hii moja haina. Ndege ilitikisika, utepe ukasugua, ukakata ganda." Aliivua miwani. "Sijawahi kuisahau. Tangu nianze kazi hii, sijawahi."

"Ilikuwa siku gani?"

Fundi alifikiri, na uso wake ukapata moto. "Siku ile uliyokuwa unanihadithia jinsi mbuzi alivyokula ramani ya bosi wako. Nilicheka mpaka nikaweka kazi chini. Niliporudi, nikaruka seli moja."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka hakujulikana, lakini kicheko cha Fundi kiliishia kwenye machozi, na Mpima akamfuta kwa mkono uliokuwa mzima.

"Kwa hiyo kosa ni langu na mbuzi," alisema.

"Kosa la kusahau ni langu. La kuficha ni lako. Tusiyachanganye."

"Nimekosa. Sitakuficha tena kitu, hata kikikuumiza."

Fundi alizifungua mbele yake zile betri nyingine mbili, ya mzee na ya mwanachama wa tatu, ambayo ilikuwa bado haijachukuliwa. Pete zote zilikuwepo. Hata hivyo Jumapili alikwenda uwanjani, akasimama mbele ya klabu nzima akiwa na gauni la kijani na kitambaa chake cha manjano, akasema: aliyekosea ni mimi, si kijana wenu, na kosa ni hili hapa. Akapitisha ile seli iliyoungua mkono kwa mkono. Mwanachama wa tatu hakuagiza kwake tena. Mwenyekiti alichukua ya kwake, akaifunga ndani ya ndege yake bila neno, akairusha.

Kazini, simu ya Fundi sasa ilikaa kwenye droo. Mpima akitaka kuongea, ilimbidi aje.

Mkono ulipona, ngozi mpya ikang'aa kama ya mtoto. Ndege ikaundwa upya, na siku moja ya jua kali Mpima akamkabidhi Fundi rimoti.

"Hapana. Nitaiangusha!"

"Nimesimama nyuma yako. Usiiondolee macho tu."

Mwanzo ilipepesuka kama mlevi, kisha ikatulia. Fundi aliipeleka juu ya kiwanda cha matofali, ambako mwewe walikuwa wakizunguka kwa mabawa yaliyotulia. Mmoja aliikaribia ile ndege nyeupe, akaikagua, akaikubali. Wakawa wanazunguka pamoja.

"Sasa zima mota," Mpima alisema.

"Itaanguka!"

"Zima, Fundi."

Akazima. Sauti ikafa. Na ndege, badala ya kuanguka, ikapanda. Ikapanda pamoja na mwewe, mzunguko juu ya mzunguko, haivutwi na kitu, haisukumwi na mtu. Fundi alihisi nywele zikimsimama chini ya kitambaa.

"Nani anaibeba sasa? Betri imelala!"

"Hewa yenye joto. Inatoka kwenye tanuri za matofali, inapanda. Mwewe wanaijua siku zote."

"Mimi nilidhani..." hakumaliza. Miaka yote alikuwa anafungia nguvu ndani ya makopo madogo, kumbe juu ya paa za mji kulikuwa na nguvu nyingine iliyotembea bure, haina waya wala ganda, na hakuwahi kuinua kichwa kuitazama.

"Nataka kuwaleta wazee wangu kwa shangazi yako," Mpima alisema nyuma yake.

"Unaniambia hayo saa hizi? Siwezi hata kukuangalia!"

"Usiniangalie. Niambie tu."

Fundi hakugeuka. Uso wake ulikuwa umeelekea mbinguni, machozi yakimtiririka pembeni hadi masikioni, vidole vyake havitetemeki kwenye rimoti.

"Waje," alisema. "Ila shangazi atakutania wewe mpaka wazee wako wakuonee huruma."

Ndege ilikuwa imebaki nukta nyeupe kati ya nukta nyeusi, na bado ilikuwa inapanda.