Kuonja si Kula

Katika shule moja ya msingi kuna mpishi ambaye hakai kitako. Watu wote humwita Mama Kengele. Kengele ni binti yake, yuko darasa la kwanza, na jina hilo alipewa kwa sababu ya sauti yake. Akicheka darasani, mama yake humsikia jikoni.

Ukitaka kumjua Mama Kengele, mtazame anapopika. Masufuria yake ni makubwa, mtoto anaweza kuoga humo. Hapimi chumvi kwa kijiko. Huchota mchuzi kidogo kwa mwiko, huudondosha kwenye kiganja, huuramba, kisha hufumba macho. "Bado," husema. Au husema, "Tayari." Wasaidizi wake hawabishani naye, maana ulimi ule haujawahi kuwadanganya.

Asubuhi huonja uji. Baadaye huonja maharage, tena na tena, mpaka yaive. Huonja mboga, huonja wali, hukwangua ukoko chini ya sufuria. Watoto wakishakula, yeye hana tena njaa. Kwa hiyo hapakui sahani yake. Hata nyumbani hula amesimama karibu na jiko. Mume wake, fundi wa kuezeka mapaa, humtania kwamba viti vya nyumba yao vilinunuliwa kwa ajili ya wageni.

Mimi namsifu mwanamke huyu. Kulisha shule nzima, na kila mtoto akatosheka, si kazi ya kila mtu. Lakini hata fundi hodari ana mahali pake pa kukosea, na mahali pake palikuwa hapo, kwenye kuonja.

Siku moja Kengele alirudi kutoka shule amenyamaza. Alikuwa na homa na kikohozi. Kesho yake baba yake aliona kwamba anapumua haraka, na kifua kinabonyea kila anapovuta pumzi. Hakungoja. Alimbeba mgongoni, mama akafuata na nguo, wakaenda hospitali. Daktari alimpima akasema ni nimonia, yaani ugonjwa wa mapafu. Aliwasifu kwa kuja mapema, kisha akamlaza.

Mama Kengele aliingia wodini kama anavyoingia jikoni. Alifuta vyuma vya kitanda. Alikunja mashuka. Alijua saa za dawa, akamkalisha mtoto vizuri kabla nesi hajafika. Manesi walimpenda. Mmoja wao, mwanamke mfupi mwenye miwani, alisema angefurahi kama wangemwajiri.

Dawa zilifanya kazi. Homa ilishuka, pumzi ikatulia. Lakini Kengele hakutaka kula. Hakukubali kulishwa na mtu mwingine ila mama yake, na hata kwake alimeza vijiko viwili, kisha akageukia ukutani. Hakucheka wala hakupiga kelele. Daktari alisema sasa kilichobaki ni chakula. Mtoto akianza kula vizuri na kupata nguvu, watakwenda nyumbani.

Kila mchana alikuja bibi yake Kengele, mama mzaa baba. Alibeba hotpoti, amelifunga kwa kitambaa. Alianza utani tangu mlangoni.

"Hujambo, mke mwenzangu? Mume wetu amekonda. Anasema hawezi kula wakati mke mdogo yuko hospitali."

Kengele alitabasamu kidogo, basi. Mama Kengele alifungua hotpoti, akatia kidogo kwenye kiganja, akaramba, akafumba macho. Alimsifu mama mkwe wake, au alisema chumvi imepungua, na bibi hakukasirika, maana aliambiwa na bingwa. Kisha alimlisha Kengele vile vijiko vyake viwili. Bibi alipotoka kwenda kupumzika nje, Mama Kengele alimsogezea hotpoti jirani yake wa kitanda cha pili. Huyo alikuwa mama kijana, aliyetoka mbali, hana wa kumletea kitu.

"Na wewe je, dada?" jirani aliuliza.

"Mimi nimeshakula. Kula wewe."

Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameonja uji asubuhi, ameonja wali mchana, amemalizia kijiko cha mtoto. Miaka yote hiyo ndiyo ilikuwa kula kwake. Alisahau jambo moja tu. Huko shuleni alionja masufuria makubwa tangu asubuhi mpaka mchana, na kuonja kule kulijaza tumbo. Hapa hakuwa na sufuria. Alikuwa na bakuli moja dogo, nalo ni la mgonjwa.

Hotpoti lilirudi tupu kila siku, na bibi alifurahi. Aliwaambia majirani nyumbani kwamba mkwe wake anakula vizuri, hana wasiwasi naye.

Mwili ulianza kudai haki yake. Kichwa kilimuuma Mama Kengele. Mikono ilikuwa baridi. Alimfokea mume wake kwa kuleta khanga ambayo siyo, naye ni mtu asiyefoka. Alianza kusahau. Alimnywesha Kengele maji, kisha akajiuliza kama amemnywesha. Alijiambia kwamba ni usingizi tu.

Adhuhuri moja alimbeba Kengele kumpeleka msalani. Walipofika kwenye ukumbi, ukuta ukawa mbali, kisha ukawa karibu. Aliuegemea, akateleza polepole mpaka sakafuni. Lakini mikono yake haikumwachia mtoto. Alimkumbatia kifuani, na Kengele akatua mapajani mwa mama yake bila hata mkwaruzo. Kila nikifikiria mikono ile, moyo wangu unainama kwa heshima.

Kengele alipiga ukelele. Ile sauti iliyokuwa imepotea ilirudi yote kwa mara moja. Nesi wa miwani alitoka mbio, na bibi, aliyekuwa ndio kwanza anaingia na hotpoti lake, akaja mbio pia.

Walimlaza Mama Kengele kitandani pembeni mwa binti yake. Daktari alimwangalia. Nesi alimpima damu na msukumo wa damu. Hawakuona ugonjwa. Nesi alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama Kengele, jana ulikula nini?"

"Nilikula kila kitu. Uji, wali, maharage, mboga."

Nesi hakubisha. Aliomba sahani na kijiko. Alimwomba bibi afungue hotpoti, kisha akampa Mama Kengele kijiko.

"Nipakulie hapa chakula ulichokula jana. Chote, kama kilivyokuwa."

Mama Kengele alichukua kijiko. Aliweka wali, kiasi cha kujaza kiganja. Aliweka maharage machache na jani la mboga. Akafikiri, akaongeza wali kidogo tena, ule wa kwenye kijiko cha mtoto. Kisha mkono ukasimama. Alikuwa amemaliza, na sehemu kubwa ya sahani ilikuwa bado nyeupe.

"Sahani hiyo ukimwona mpishi wako anampa mtoto wa darasa la kwanza, utasemaje?" nesi aliuliza.

Mama Kengele aliitazama sahani kwa macho ya kazi yake.

"Nitasema huyo si mpishi. Ni mwizi."

"Na hapa ameibiwa nani?"

Mama Kengele alimtazama Kengele, aliyekaa kitandani anasikiliza, kisha machozi yakamtoka.

Bibi naye alikuwa na swali lake. Hotpoti lililokuwa linarudi tupu, nani alikuwa analimaliza? Jirani wa kitanda cha pili aliinamisha macho. Alisema ni yeye, na kwamba alidhani mwenzake ameshashiba. Bibi alimtazama sana, kisha akacheka.

"Kumbe nina mkwe wa pili na sijaambiwa. Basi kesho nakuja na hotpoti kubwa. Lakini huyu wa kwanza atakula mbele ya macho yangu."

Mama Kengele alijifuta uso kwa khanga. Ndipo akasema lile alilokuwa amelificha siku zote hizo.

"Nesi, nitamezaje na mwanangu hamezi? Naona ni uchoyo. Nijaze tumbo langu, yeye analala na njaa?"

Akina mama wote mle ndani walikuwa na swali hilo hilo, ila hakuna aliyekuwa amelisema.

"Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji," nesi alimjibu. "Na anayemuuguza asiulizwe vilevile, apewe. Leo wewe ndiye miguu ya mtoto huyu. Ukianguka wewe, mmeanguka wawili. Kula kwako si uchoyo, ni sehemu ya dawa yake."

Kisha alimweleza taratibu, na akina mama wengine wakasogea. Alisema asingoje mpaka asikie njaa, kwa sababu mtu mwenye hofu hasikii njaa. Ale asubuhi, mchana na jioni, sahani yake mwenyewe, hata kama ataanza na kidogo. Katikati ale kitu chepesi, kama yai la kuchemsha, ndizi au mkate, na anywe maji ya kutosha. Wali peke yake hautoshi. Pawe na maharage au yai, pawe na mboga na tunda. Mtoto akilala, huo ndio wakati wa mama kula na kujinyoosha, si wakati wa kufuta vyuma vya kitanda. Akija ndugu, amwachie mtoto, atoke nje, apate hewa. Anawe mikono kabla ya kumlisha na kabla ya kula. Na kijiko cha mgonjwa kibaki cha mgonjwa, maana kuchangia kijiko ni kuchangia na ugonjwa.

Kuhusu Kengele, alisema asilazimishwe. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi, akiwa amekaa wima. Hamu itarudi.

Bibi hakungoja hotuba iishe. Alikuwa ameshapakua wali, maharage na mboga, sahani imejaa kama inavyojazwa ya mwanamume aliyetoka kuezeka paa. Alikigusa kiti.

"Kaa hapa, mwanangu."

Mama Kengele alikaa. Tonge la kwanza lilikataa kupita. La pili lilipita kwa shida. La tatu lilipita lenyewe. Baada ya hapo aliacha kuyahesabu, akala kama mtu aliyekumbuka kitu muhimu.

Kengele alikuwa amemkodolea macho. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona mama yake amekaa kwenye kiti, sahani mapajani.

"Mama, kitamu?"

"Kitamu."

"Mbona unakimaliza?"

"Kwa sababu ni changu."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha alinyoosha mkono.

"Basi na mimi nataka changu. Kwenye sahani, si kwenye kijiko."

Bibi alimpakulia kwenye kifuniko cha hotpoti, kwa kuwa sahani zilikuwa zimekwisha. Kengele alikula mwenyewe, taratibu, macho yake hayaachi sahani ya mama. Alipita vijiko viwili. Alipita na vitatu. Mimi sisemi kila mtoto mgonjwa atakula akimwona mama yake anakula. Wengine huchukua muda. Lakini huyu alikula, na bibi yake aligeukia dirishani kwa muda, akidai kuna vumbi limemwingia jichoni.

Kuanzia siku ile mambo yalipangwa upya. Bibi alikuja mapema zaidi, na hotpoti kubwa, na jirani wa kitanda cha pili alikuwa na sahani yake. Baba yake Kengele alipotoka kazini alioga, akaja kukaa na mtoto, ili mke wake ale na kulala kidogo. Alichemsha mayai yeye mwenyewe. La kwanza lilipasuka, la pili lilikuwa bado maji, na Mama Kengele aliyala yote mawili bila kuyatolea hukumu. Kwa bingwa wa kuonja, hayo ni mapenzi makubwa. Kichwa kiliacha kumuuma. Hasira ziliisha. Alikumbuka tena nani amekunywa maji na nani bado.

Kengele alipata nguvu. Akawa anatembea mpaka msalani kwa miguu yake, akizungumza njia nzima. Daktari alipowaruhusu kwenda nyumbani, nesi wa miwani alisema wodi sasa itapata usingizi.

Leo Mama Kengele amerudi jikoni kwake. Bado huonja kwa kiganja, bado hufumba macho. Lakini ameweka benchi karibu na dirisha. Chakula kikiwa tayari, yeye na wasaidizi wake hupakua sahani zao, hukaa, hula, ndipo huanza kuosha masufuria. Msaidizi akisema ameshashiba kwa kuonja, humwonyesha benchi.

Wakati wa mapumziko Kengele huja mbio mpaka dirishani. Hana haja ya kukaribia, sauti yake inatosha, lakini huja.

"Mama, umekula au umeonja?"

Uwanja mzima humsikia. Mama Kengele huinua sahani yake, aione. Na siku ambayo hana sahani ya kuinua, Kengele haondoki pale dirishani mpaka mama yake akae.