Chakula cha Selpha

Soko la Otonglo lilikuwa limefurika asubuhi hiyo ya Jumatano. Katikati ya makelele alisimama Selpha, mwanamke mrefu, gauni la kitenge cha manjano limemkaa sawasawa kiunoni, miguuni amevaa gambuti nyeusi.

"Mama, zile avokado zilizooza umeziweka wapi leo?" akamwuliza muuzaji.

Mwanamume aliyekuwa akichagua nyanya kando yake akageuka. "Zilizooza? Dada, hizi nzuri zimekukosea nini?"

"Wageni wangu hawali nzuri."

"Wageni gani hao?"

"Funza."

Mwanamume alicheka hadi nyanya ikamponyoka. Selpha alikuwa amezoea kuchekwa kwa ajili ya funza wake, lakini siku hiyo alijikuta akicheka pia.

Mwanamume huyo aliitwa Frankline, mfugaji mwenye vizimba sita vya samaki ziwani, kule Luanda Kotieno. Alimbebea magunia hadi barabarani, na njiani Selpha akamweleza mambo yake. Alikuwa mtaalamu wa lishe ya samaki. Miaka saba alikaa maabara akiandika ripoti ambazo hakuna mfugaji aliyewahi kuzisoma. Sasa alifuga nzi weusi katika banda la kukodi Obunga. Funza wao walikula taka za soko, naye akawakausha na kuwasaga kuwa chakula cha samaki. Mama Nanyama, profesa mstaafu aliyeendesha mpango wa kuwasaidia wanawake wanasayansi kuanzisha biashara, alikuwa amemfundisha kupanga bei, kutafuta wateja, na kutamka "kampuni yangu" bila kuinamisha kichwa.

"Hebu itamke niisikie," Frankline akasema.

"Kampuni yangu."

"Sijasikia."

"Kampuni yangu!" Wauza vitunguu wakageuka kutazama.

Kuanzia hapo simu haikunyamaza.

"Malkia wa funza, umeamkaje?"

"Nanuka, Frankline. Usije leo."

"Jaber wangu, mrembo wewe, mimi nashinda na matumbo ya samaki. Tutanuka wote."

Alikuja, na akaendelea kuja. Alimpa kizimba kimoja cha kujaribia chakula chake, na samaki wake wa ngege waliponenepa akampa vyote sita. Jumapili walikaa ufuoni, Selpha amelaza kichwa begani mwake, wakibishana kuhusu majina ya watoto ambao hawajazaliwa. Wakati huo mpango wa Mama Nanyama ulikuwa unatafuta biashara moja ya kupewa mashine ya kutengenezea chakula pamoja na banda la kisasa. Selpha alipangiwa kusimama mbele ya waamuzi siku ya Ijumaa.

Jumatatu ya wiki hiyo alipokea video kutoka kwa Dorca, rafiki yake wa Mbita. Frankline alikuwa amesimama ndani ya mashua, maji yote yaliyomzunguka yamejaa samaki waliokufa, matumbo yao meupe juu. Sauti yake ilikuwa inakatika. "Watu wangu, msidanganywe kama mimi. Hiki ni chakula cha Selpha. Chakula cha funza. Angalieni kilivyonifanya."

Selpha akakaa juu ya gunia. Alipiga simu mara tano bila kujibiwa. Ya sita ikapokewa.

"Frankline, nakuja kupima maji."

"Upime nini? Samaki wamekufa!"

"Kilichowaua ndicho nataka kukijua."

"Nilikupa vizimba vyote, Selpha. Nilikuamini."

"Basi niamini mpaka kesho tu."

Simu ikakatwa.

Alipofika Luanda Kotieno kesho yake, Frankline alimnyima mashua. Alikaa ukingoni, macho mekundu, hakumtazama hata mara moja. Aliyemchukua ni Wesonga, mfugaji jirani. Selpha alishusha kifaa chake cha kupimia hewa ndani ya maji, akasoma namba, akakishusha tena asiamini. Hewa ilikuwa karibu imekwisha. Upepo mkali wa Jumapili ulikuwa umeyageuza maji ya chini, yasiyo na hewa, yakapanda juu, na samaki wakafa kwa kukosa pumzi.

"Samaki wako wapo salama?" akamwuliza Wesonga.

"Wamekufa wote. Na mimi nalisha chakula cha kutoka ng'ambo."

"Mbona hukusema?"

Wesonga akatazama makasia yake. "Kila mtu alikuwa na video mkononi, dada. Nani angenisikiliza?"

Ijumaa Selpha alisimama mbele ya waamuzi akiwa na majibu yake. Walimsikiliza kwa adabu, kisha mashine wakampa mwingine. Wateja wake wote walikuwa wameshajitoa.

"Sayansi yako haina doa, mwanangu," Mama Nanyama alimwambia huku amemshika mikono. "Lakini waliokaa pale mezani wana simu. Video waliiona kabla hawajakuona wewe."

Frankline alipoelezwa ukweli na Wesonga, alirekodi video nyingine ya kuomba radhi. Waliotazama walikuwa wachache. Wiki tatu alipiga simu, Selpha hakupokea.

Kikundi cha akina Dorca ndicho kilichomwita. Wanawake hao wa Mbita walikuwa na vizimba viwili na chumba kitupu, nao walitaka kuanza naye upya. Frankline alimkuta Luanda Kotieno akisubiri feri ya Mbita, trei za funza zimefungwa kwa kamba. Alikuwa amevaa shati la buluu ambalo Selpha alilipenda, limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Akapiga magoti mchangani mbele ya watu, pete mkononi.

"Nilikosa, Selpha. Niliogopa, nikasema kabla ya kufikiri. Nioe... yaani, nikuoe. Tafadhali."

Kicheko kilimpanda Selpha kooni, kikageuka kilio kabla hakijatoka.

"Inuka, Frankline."

"Bado unanipenda?"

"Nakupenda."

"Basi?"

"Chakula hicho kingeletwa na mtaalamu mwanamume, ungerekodi video, au ungempigia simu kwanza?"

Frankline akainamisha macho, akaitazama pete. 

"Ndiyo hivyo," Selpha akasema kwa upole, akamfumbatisha pete kiganjani. "Ningeishi nawe nikingoja siku maji yatakapogeuka tena."

Feri iling'oa nanga. Selpha alisimama nyuma, ameshika chuma, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Mama mmoja aliyekaa na kapu la dagaa wa omena akamvuta mkono.

"Nyathina, mwanangu, unalia nini?"

"Ni mtu, mama."

"Pole sana. Amekufa?"

"Hapana," Selpha akasema. "Ni yule pale, aliyesimama ufuoni."