Saa Isiyotiwa Ufunguo

Saa ilianza kutembea kabla fundi Apolinari hajaitia ufunguo. Alikuwa barazani kwake sokoni Ifakara, mchana kweupe, ndiyo kwanza amekaza skrubu ya mwisho, mara akaisikia: tik, tik, tik. Akatabasamu. Kizuri chajiuza, akajisemea. Laiti angejua, angeitupa palepale.

Ilikuwa zawadi kwa bintiye wa pekee, Agnella, aliyemaliza uuguzi na kupata kazi hospitalini. Muuguzi anahitaji mshale wa sekunde ili ahesabu mapigo ya mgonjwa, na Apolinari hakutaka mwanawe avae saa ya plastiki kama ya kila mtu. Miezi mitatu alichambua kopo lake la vipuri. Uso aliutoa kwenye saa ya mwalimu mmoja mstaafu, mishale kwenye saa ya kike iliyopasuka kioo, mkanda akaukata kutoka mkoba wa ngozi wa marehemu mkewe. Mashine ilikuwa ya Beatus.

Hapo ndipo penye dhambi, na heri tuiseme mapema. Beatus alikuwa mvuvi. Aliacha saa yake kwa fundi akaenda kambini mtoni, wala hakuifuata. Desturi ya Apolinari ni kwamba saa isiyofuatwa mwaka mzima ni mali ya kopo, basi akaifungua, vipande vingine akavitia kwenye saa za wateja, mashine akaihifadhi. Masika yaliyofuata kiboko akapindua mtumbwi wa Beatus, na mwili haukuonekana.

Kwao, aliyepotelea majini huzikwa kwa shina la mgomba lililovikwa sanda, na pamoja nalo kitu alichokivaa, ili kaburi limjue mwenyewe. Mafuriko yalikuwa yamesomba kambi na kila kilichokuwemo. Mjane wake, Kandida, akaja barazani kuomba ile saa. Apolinari aliona haya kusema ameipasua, tena mashine alikwishaitamani kwa ajili ya mwanawe. Akamwambia hajawahi kuiona. Kandida akashukuru kwa adabu, akaenda kuzika mgomba mtupu.

Wiki ya kwanza Agnella aliringa na saa yake wodi nzima. Wiki ya pili kioo kikaota ukungu kwa ndani, na mkono wake ukaanza kunuka tope na kambale hata baada ya kuusugua kwa sabuni. Wiki ya tatu alirudi nyumbani adhuhuri, akaketi jikoni, akaweka vidole viwili shingoni.

"Baba," alinong'ona, "hii saa haihesabu sekunde."

"Inahesabu nini?"

"Mimi."

Apolinari akamshika mkono, akasikiliza. Kila moyo wa mwanawe ulipodunda, mshale uliruka mara moja. Ulipochelewa, nao ulichelewa. Na ulikuwa unachelewa sana, kuliko moyo wa binti wa miaka ishirini na nne unavyostahili kuchelewa, na ile ngozi ilikuwa baridi, na alipofungua mkanda ili aivue ile saa aitupe chooni, Agnella alilegea akateleza kutoka kwenye kigoda bila hata kuguna, midomo imekuwa ya bluu, maji ya tope yakimtoka puani, mpaka baba mtu alipomrudishia saa mkononi huku akiomba Bikira Maria kwa sauti, ndipo akavuta pumzi.

Alimkimbiza hospitalini. Wakampima damu, wakampima moyo, wakasema hawaoni ugonjwa, ila mapigo yanashuka kila siku.

Ndipo Apolinari, mtu wa kwaya na jumuiya, akaenda Lumemo kwa mganga, mzee Hermenegildi. Mzee hakupiga ramli. Alimnusa tu viganja.

"Mashine ya nani?"

"Niliiokota, mzee."

"Unanidanganya mimi, au unamdanganya aliyemo?"

Apolinari akalia, akasema yote. Mzee akamweleza taratibu kwamba Beatus hana ugomvi naye. Lakini mtu akikosa kaburi, jini la mto huketi kwenye kitu chake na kutafuta moyo wa kuhesabu. Ukifika mwisho wa hesabu, hutafuta mwingine. Kitu hicho kirudi kaburini chote, kwa mkono wa aliyekizuia.

Kandida hakupiga kelele. Alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akaingia ndani akatoka na jembe, akamkabidhi.

Walifukua jua likiwa utosini. Sanda ilikuwa imelowa chapachapa wakati udongo wote ni mkavu, na mgomba wa mwaka mzima ulikuwa mbichi kama uliokatwa asubuhi. Agnella alishikwa na mashemeji wawili wa Kandida. Apolinari akamvua saa, akaifungua kwa haraka ambayo hajawahi kuwa nayo, huku mwanawe akikoroma maji, akang'oa mashine na kuilaza juu ya mgomba.

"Ni yote?" Kandida akauliza.

Akavikumbuka vile vipande vingine. Vilikuwa wapi? Kwa nani? Na Agnella alikuwa anakata roho.

"Yote," akasema.

Wakafukia. Chini ya udongo waliisikia ikitembea, ikipungua, ikipungua, kisha kimya. Agnella akatapika maji meusi, akaita baba. Apolinari alimkumbatia, na furaha yake haikuwa na kifani.

Mwezi ukapita. Agnella alinenepa, akarudi kazini, mapigo akawa anayahesabu kwa saa ya ukutani. Jumatatu moja, fundi akiwa barazani, simu ikalia. Ni yeye, akiongea chini chini kama mtu aliyejificha.

"Baba, kuna mama ameletwa kutoka Mang'ula. Hana homa, hana kitu. Mapigo yanashuka tu. Amevaa saa, kioo kina ukungu kwa ndani, nikiivua anazimia. Anasema ulimtengenezea wewe mwaka juzi."

Apolinari akalivuta kopo la vipuri.

"Na kitanda cha pili yupo mwingine," Agnella akasema. "Baba, uliwatia wangapi?"

Akalitazama kopo. Hakuwahi kuandika majina.