Ilinca Hataki Kuingia Chumba cha Leza

—Vaa glavu uingie, tumechelewa.

—Leo siingii, Radu.

Radu akageuka, akamtazama mkewe kama mtu aliyesikia vibaya. Mlango mzito wa chumba cha leza ulikuwa wazi. Kilichobaki ni kupachika utando wa shaba, mwembamba kuliko unywele. Leza ingeupiga, shaba ingewaka moto usio na mfano, na humo zingeruka eksirei. Kwa kuzichambua hizo, Radu angejua shaba ilifikia joto gani. Pale maabara ya Măgurele hapakuwa na mkono mtulivu kama wa Ilinca. Leo mkono huo aliuficha mfukoni.

—Unaumwa?

—Siumwi.

—Basi nini? Leza tumepewa wiki hii tu. Tukikosa, mpaka mwakani.

—Mwambie msaidizi wako, Doina, apachike.

—Doina jana kachana tando tatu.

Simu ya Ilinca ikalia mezani. Radu akawahi kuona ujumbe, akausoma taratibu:

"Umeshamwambia mumeo? Usipomwambia leo, nitamwambia mimi. Cornel."

Ilinca akanyoosha mkono aichukue simu, Radu akaisogeza mbali.

—Cornel huyu wa usalama wa mionzi?

—Radu, nisikilize kwanza.

—Nakusikiliza. Kitu gani Cornel anakijua na mimi sikijui? Wiki nzima unalala umenipa mgongo. Nikikuuliza, unasema umechoka. Ni yeye?

Simu ikaita tena. Cornel. Radu akapokea, akaweka sauti ya nje, macho yake yasibanduke usoni kwa mkewe.

—Ilinca, beji yako ya kupima mionzi nimeisoma. Haina kitu. Kengele ya hatari ya jana ilikuwa mbovu tu. Mtoto hajaguswa. Sasa nakuomba, mwambie Radu.

—Ameshasikia, —Radu akasema, akakata.

Ilinca akashika ukingo wa meza. Neno "hajaguswa" lilikuwa bado halijamwingia vizuri.

—Mtoto gani?

—Wako. Mimba ina miezi miwili na kidogo.

—Na ukaniacha nikutume humo ndani?

—Niliogopa kukwambia. Mimba ya kwanza ilipotoka, ulihamia huku maabara. Ulikuwa unakuja nyumbani kubadilisha shati tu. Nililia peke yangu, Radu. Nikasema huyu simtaji mpaka nione amekaa. Jana kengele ikalia mimi nimo ndani, nimeshika utando. Nikajua nimemuua mwenyewe. Nikamkimbilia Cornel, maana yeye ndiye mwenye kipimo.

Radu akajikalisha chini, mgongo ukutani.

—Nilikuwa nikikuona namkumbuka yule tuliyempoteza, —akasema hatimaye.— Nikaona afadhali nisikuone. Nilikosa, mke wangu.

—Ukikimbia tena, safari hii sitakungoja.

Radu akainuka, akavaa glavu, akaingia mwenyewe. Utando wa kwanza ukachanika. Wa pili ukakaa. Akatoka, mlango ukafungwa, leza ikapiga. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ya eksirei ikajitokeza, mikali na safi. Doina akaja mbio kutoka chumba cha pili.

—Bosi, njoo uone, hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

—Itunze. Majaribio yaliyobaki simamia wewe.

Radu alikuwa anamvisha Ilinca koti.

—Tunakwenda wapi?

—Kwa daktari. Nataka nisikie moyo wa mtoto.

—Bado naogopa, Radu. Beji haijui kila kitu.

—Na mimi naogopa, —akasema, huku vidole vyake vikishindwa na kifungo cha koti.— Lakini leo ninaogopa nikiwa kando yako.