Kesi ya Baragumu la Mhezi

Treni ya kutoka Tanga ilipokaribia Same ilikuwa na tabia ya kupunguza mwendo, kama mgeni anayetafuta mlango, na hapo ndipo Eliwaza alipoisubiri kila Jumamosi. Hakuwa na mgeni wa kumpokea. Alikuwa akishindana nayo.

Alijifunga kanga kiunoni juu ya kaptura ya kaka yake, raba mtoni miguuni, nywele kasuka twende kilioni, na treni ikifika kwenye ishara tu, huyo! Vumbi linatimka, wauza mayai wanamshangilia, kina mama wenye ndizi za mlimani wanavuta masinia yao pembeni kwa sababu Jumamosi moja aliwahi kupita juu ya mkungu mzima.

Siku hiyo kichwa kilitokeza dirishani, kichwa chenye afro kubwa kama kiota.

"Kaza, dada! Kaza! Limechoka hilo, lina pumu!"

Eliwaza akakaza. Akafika stesheni akiwa mbele ya injini kwa urefu wa mtu mmoja. Mwenye afro hakusubiri treni isimame; aliruka, suruali yake ya bugaluu ikapepea kama bendera, na kiatu chake cha raizoni, chenye soli nene kama tofali, kikapinda. Akakaa chini mbele ya stesheni nzima.

"Umeteguka?" Eliwaza akauliza, bado anahema.

"Moyo tu."

"Moyo hauvaliwi raizoni. Simama, watu wanakuangalia."

Alisimama kwa kuchechemea. Alijitaja kuwa ni Kurwa, Mnyamwezi wa Tabora, dereva mpya wa lori kwenye shamba la mkonge lililokwisha kutaifishwa.

"Na Doto yuko wapi?"

"Doto kabaki nyumbani. Tulipiga kura nani aje kukutafuta, ikaniangukia mimi."

"Muongo mkubwa!"

"Nimeambiwa na abiria wenzangu, Mpare usimkanyage mguu, atakufungulia kesi. Ni kweli?"

"Usinikanyage, basi." Akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Mimi Eliwaza. Nipo posta, kwenye mitambo ya simu. Ukipiga utanisikia. Kuniona ndiyo kazi, wengi huniona kwa nyuma tu."

Na kweli akaondoka mbio, akamwachia mgongo.

Kuanzia Jumatatu simu ya ofisi ya shamba ikawa haipumziki. Miaka ile ulikuwa huwezi kupiga popote bila kupitia kwa binti wa posta, na Kurwa aliligeuza jambo hilo kuwa baraka.

"Same. Namba?"

"Nipe Idara ya Maji."

"Unataka nini Idara ya Maji?"

"Nina kiu."

"Kurwa, nina laini nyingine inaita."

"Basi nipe stesheni, nijue kama treni bado inalia kwa kushindwa na msichana."

Yudith, mwenzake aliyekaa kiti cha pili kwenye mitambo, alikuwa akicheka mpaka vifungo vya blauzi vinataka kukatika. Yudith alikuwa na masikio yasiyokwenda likizo. Mji mzima wa Same ulikuwa ukijua saa ya Kurwa ya kupiga kuliko ulivyojua saa ya treni, na hakuna aliyejiuliza umejuaje.

Vuli ikaingia, na sherehe za Uhuru zikakaribia. Mwaka huo wilaya iliandaa mbio za mlima: kutoka uwanja wa Same, kupitia Mwembe, kupanda mpaka Mhezi, juu kabisa kwenye baridi. Msichana atakayeshinda angekwenda Moshi, kwenye kambi ya wanaoandaliwa kwa mashindano ya taifa. Eliwaza hakuwa akiota kitu kingine.

Jioni ya kuamkia mbio simu ikaita.

"Mpenzi, kesho ukishinda watakuchukua."

"Watanichukua, ndiyo! Kwani nimekimbizana na treni kwa ajili gani?"

Kurwa akashusha sauti.

"Ningekuwa na uwezo," Kurwa akasema, "ningezisimamisha hizo mbio njiani."

"Thubutu!"

Wakacheka wote wawili. Pembeni, Yudith hakucheka. Aliyameza maneno yale mazimamazima, akayaweka.

Asubuhi jua la Same lilikuwa kali, mkonge umekaa na miiba yake kama askari. Walipofika Mwembe wasichana nusu walikuwa wamekaa chini ya miti. Walipoanza kupanda, wingu likawashukia. Kwanza mvua, halafu upepo, halafu mawe ya barafu yakaanza kuwapiga kichwani na mabegani, na njia ikageuka kijito cha tope jekundu. Walibaki wawili: Eliwaza mbele, na nyuma yake Asnath, binti wa hukohuko Mhezi, aliyekuwa akikimbia peku kwa sababu ndivyo alivyopanda kilima hicho na kuni kichwani tangu utoto.

Raba za Eliwaza zilijaa maji ya barafu. Vidole vilikufa kwanza. Kisha nyayo. Kisha magoti yakawa ya mtu mwingine, anayaona yakienda lakini hayasikii. Alijaribu kuiwaza Moshi, ikawa jina tu, kama jina la duka.

Huko juu, wasimamizi walikuwa na baragumu la pembe ya tandala. Makubaliano yalitangazwa uwanjani kila mtu akisikia: hali ikizidi kuwa mbaya, litapulizwa mara moja, mlio mmoja mrefu, na mbio zitakoma palepale, hakuna mshindi. Mzee mwenye kazi hiyo alikuwa amezidiwa na homa, na lori la wasimamizi lilikuwa likiendeshwa na Kurwa. Kurwa akapewa baragumu.

Eliwaza alifika kwenye kona ya ndiva, lile bwawa la udongo ambalo watu wa Mhezi hukusanyia maji ya kumwagilia mashamba yao. Ilibaki mwinuko mmoja. Ukungu ulikuwa mzito. Na baragumu likalia.

Akasimama.

Alisimama kama mti, mikono imening'inia, mawe yakimdunda. Asnath akamfikia, akamtazama, akasema, "Pole, dada," akapita. Ukungu ukammeza. Baada ya muda vigelegele vikasikika kutoka juu, na Eliwaza akajua kuwa mbio hazikuwa zimesimamishwa. Aliyesimama ni yeye peke yake.

Walimkalisha jikoni kwa watu, karibu na moto. Mama mmoja akapiga kelele: kidole cha mguu cha mgeni kilikuwa kimeegemea kaa la moto! Eliwaza akakitazama, akakiondoa polepole, kama anayehamisha sufuria.

Kurwa aliingia amelowa chapachapa, afro imelala.

"Eliwaza. Nilikuona unatokea kwenye ukungu, wewe wa kwanza, nikashindwa kujizuia. Nilikushangilia."

"Kwa baragumu la kusimamisha."

"La kusimamisha ni moja refu! Mimi nilipuliza milio ya kurukaruka, kama ngoma. Hukusikia?"

"Sikusikia."

Hakupandisha sauti. Hakulia. Alitamani kulia akakuta hakuna kitu.

Siku zikapita hivyohivyo. Ganzi ya miguu ilimtoka ikapanda juu, ikakaa kifuani, ikatandika mkeka. Treni ilikuja Jumamosi, akaisikia ikipiga honi, akaendelea kufua. Chai aliinywa ya moto au iliyopoa, ilikuwa ileile. Na simu ilipoita:

"Same. Namba?"

"Eliwaza, mpenzi, ni mimi."

"Namba ngapi, ndugu?"

Hilo "ndugu" lilimkata Kurwa kuliko tusi. Kila mtu alikuwa ndugu katika nchi ile, mpaka karani wa mkonge na mpiga mihuri.

"Unaniadhibu?"

"Nina laini nyingine inaita, ndugu."

Ndipo Yudith akayatoa maneno aliyoyaweka. "Shoga, mimi si mchochezi. Lakini jioni ile si alisema mwenyewe? Angekuwa na uwezo, angezisimamisha. Na uwezo akaupata! Nilisikia kwa masikio yangu haya." Kufika jioni, hoteli zote za Same zilikuwa zimeshasikia pia kwa masikio ya Yudith.

Eliwaza akaenda kufungua kesi. Watu walisema, ahaa, Upare huo. Walisema ni hasira. Hasira ingekuwa nafuu. Yeye aliifungua kama mtu anavyojifinya kutazama kama yuko macho. Alitaka kujua jambo moja: Kurwa alilipuliza baragumu ili amzuie, au hapana? Labda akijua, pangeuma mahali.

Kesi ilisikilizwa kulekule Mhezi, kwenye baraza la usuluhishi, ndani ya ghala la ushirika lililonuka kahawa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Manase, mtu wa maneno machache na baridi nyingi, ndani ya koti zito alilorudi nalo kutoka vita vya Hitla. Eliwaza alivaa gauni lake la kitenge cha bluu na viatu vyeusi vya kazini. Kurwa alivaa ovaroli, raizoni kaacha nyumbani. Hawakutazamana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dereva, ulisema utasimamisha mbio, au hukusema?"

"Nilisema, mzee. Ulikuwa utani wa mapenzi."

"Mapenzi hayana utani, yana mashahidi. Huyu hapa wa simu kasikia." Yudith, aliyevaa nguo mpya tupu kwa ajili ya siku hiyo, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Na baragumu ulipuliza?"

"Nilipuliza. Kwa furaha."

"Furaha," mzee akarudia, kama anataja dawa asiyoiamini. "Asnath, njoo."

Asnath alikuwa na safari ya Moshi wiki hiyo. Alisimama peku vilevile.

"Baragumu ulilisikia, binti?"

"Nililisikia vizuri sana."

"Mbona hukusimama?"

"Nisimame kwa nini, mzee? Lilikuwa la shangwe. Nikasema moyoni, tazama, hajafika wameshaanza kumshangilia huyu wa posta na raba zake! Nikapandwa na hasira. Hasira hiyo ndiyo iliyonifikisha."

Ghala lote likaangua kicheko. Eliwaza hakucheka, lakini kitu kilimgusa ubavuni, kidogo, kama mtoto anayevuta nguo.

"Lipulize," Mzee Manase akaamuru. "Kama siku ile. Usiongeze, usipunguze."

Baragumu likaletwa. Kurwa akalipokea kwa mikono miwili, akasogea mlangoni, akamtazama Eliwaza kwa mara ya kwanza siku hiyo, akapuliza. Pu-pu-pu-puu! Pu-pu-pu-puu! Ilikuwa sauti ya ndama aliyefunguliwa kamba. Hata kiziwi asingedhani inamwambia mtu simama.

"Ndilo?" mzee akauliza.

Eliwaza alijua. Tena alijua kuwa hata siku ile, kwenye kona ile, lilikuwa hivi hivi.

"Ndilo."

"Sasa nani alisimamisha mbio?"

Eliwaza aliinama akavitazama viatu vyake.

"Miguu ilikuwa imekufa, mzee," akasema. "Nilikuwa natafuta wa kuniambia simama. Baragumu likawa karibu."

Kabla mzee hajasema neno, nje kukawa na vishindo. Wanaume kwa wanawake, majembe mabegani, makarai vichwani, wanahema. Siku ya mbio walitangaziwa kuwa baragumu haliwaiti wao. Leo hawakutangaziwa, na Mhezi baragumu likilia maana yake ni msaragambo: kila mtu aache lake aje kwenye kazi ya wote.

"Kazi iko wapi?" akauliza mama wa mbele.

"Hakuna kazi, ni kesi," Mzee Manase akajibu.

"Kesi! Nimeacha makande motoni! Baragumu halipigwi bure hapa. Nani kapiga?"

Vidole vyote vikamwonyesha Kurwa.

"Kazi ipo," akasema. "Kuna mtu aliziacha mbio pale kona ya ndiva. Zinalala nje tangu Uhuru. Nawaomba mje mmsaidie kuziingiza ndani."

Wakatazamana. Halafu mama wa makande akalishusha karai lake, akacheka, na wote wakajipanga pande mbili za njia, majembe wima.

Eliwaza alivua viatu vya kazini, akampa Yudith. Akateremka mpaka kwenye kona. Huko juu, Kurwa akalipuliza.

Akakimbia. Jiwe la kwanza likamuuma wayo. La pili likamuuma zaidi. Kona ikaisha, mwinuko ukaanza, magoti yakawa yake, kifua kikawaka, na ile ganzi iliyotandika mkeka ikaanza kuachia, kwa sindano sindano, kama mguu uliokaliwa. Wenye majembe walikuwa wakipiga kelele kwa Kipare. Alipomfikia Kurwa, Eliwaza alikuwa akilia waziwazi kama mtoto wa chekechea.

Kurwa akachuchumaa, akaushika mguu wake uliochanika. "Umeumia?"

"Sana."

"Wapi?"

"Kila mahali. Niache niumie."

Hakumwacha. "Sasa futa kesi, mpenzi."

"Siifuti. Naiahirisha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakaponikosea tena."

"Basi tuoane, iwe kesi ya ndani. Tusiwasumbue wazee na baridi hii."

Eliwaza akamtazama. Moshi ilikuwa imechukuliwa na Asnath, na hilo nalo sasa liliuma, palepale lilipotakiwa kuuma. Akaliacha lipite.

"Mahari utapeleka kwa miguu," akasema. "Kutoka Same mpaka kwetu mlimani. Nitakuwa mbele."

"Ndilo neno la kwanza la maana nililolisikia leo," Mzee Manase akasema, akafunga vifungo vya koti.

"Na kazi yetu?" mama wa makande akauliza, kwa kuwa jembe likishatoka nyumbani halirudi kavu.

Ndiva ilikuwa imejaa tope la mvua zile. Wakaingia wote: wenye kesi, mashahidi, hata Yudith, amekunja gauni jipya na anasimulia. Eliwaza aliingia peku, karai mkononi, Kurwa nyuma yake. Maji yalimfika magotini. Yalikuwa ya baridi kali.

Aliyasikia.